Gwaride la Mswaki

Nilianza kufundisha kabla sijajua kufundisha. Miaka ile ya kwanza ya Uhuru shule zilifunguliwa kwa kasi kuliko walimu walivyopatikana, na msichana yeyote aliyemaliza darasa la nane na kuweza kuandika kwa mstari ulionyooka alikabidhiwa chaki. Mimi nilikabidhiwa chaki, fimbo, na watoto sitini na wawili wa darasa la kwanza, katika shule ya udongo iliyokuwa kando ya barabara ya kwenda Mumias, saa nzima kwa baiskeli kutoka mjini Kakamega. Fimbo niliipoteza wiki ya kwanza. Watoto sikufanikiwa kuwapoteza.

Hedimasta wetu alikuwa mtu mrefu na mwembamba, aliyevaa koti hata siku za jua la kukausha mahindi. Wakati wa vita alikuwa jeshini, upande wa jikoni, na huko ndiko alikojifunza kutoa amri. Serikali mpya aliipenda kama alivyokuwa ameipenda ile ya zamani, kwa moyo uleule na koti lilelile.

Ijumaa moja alirudi kutoka mkutano wa mjini akiwa anatabasamu. Hatukuwa tumeyazoea meno yake, kwa hiyo tulijua kuna jambo. Alituita walimu wote watano ofisini, akafunga mlango, akasimama wima.

"Walimu," akasema, "taifa limeamua kupiga mswaki."

Tulingoja aendelee. Alipopumua akatueleza kwamba bwana afya amewaambia mahedimasta kuwa meno ya watoto wetu yanaoza, na kwamba nchi huru haiwezi kusonga mbele ikiwa na meno mabovu. Kila shule ifundishe watoto wadogo kupiga mswaki. Tena shule yetu imechaguliwa, kwa sababu iko karibu na barabara na gari haliwezi kuzama matopeni, imwonyeshe mgeni wa heshima jinsi jambo hilo linavyofanywa. Mgeni atafika baada ya wiki tatu.

"Darasa la kwanza," akasema akininyooshea kidole, "ndilo lenye meno."

Nikamwambia kwa heshima kwamba darasa la kwanza ndilo hasa lisilo na meno. Nusu ya watoto wangu walikuwa na mapengo mbele, umri ndio huo.

"Yataota," akasema. "Wiki tatu zinatosha."

Kuna jambo sikumwambia. Gego langu la chini, upande wa kulia, lilikuwa limetoboka. Tangu niwe mwalimu nilikuwa nakunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya kuwa mwalimu, na gego lilikuwa limelipia heshima hiyo. Nilitafunia kushoto, nikalala na karafuu kinywani, na asubuhi nikasimama mbele ya watoto kuwaeleza uzuri wa meno safi.

Boksi la miswaki lilifika kutoka mjini Jumatatu. Ilikuwa sitini, yote myekundu. Watoto waliona rangi ile wakapiga kelele kama walioletewa peremende. Hedimasta aliinusa mmoja mmoja, akairudisha ndani ya boksi, akalifungia kabatini na kutia ufunguo mfukoni.

"Lakini mwalimu mkuu," nikauliza, "watajifunzaje?"

"Ikitumika itachakaa," akasema. "Unataka mgeni aje kuona miswaki mikuukuu?"

Nilipendekeza basi watumie kidole, kama wengi wao walivyofanya nyumbani kwa makaa yaliyosagwa na chumvi. Akakataa. Kidole ni kichafu, akasema, na tena ni cha zamani. Mwishowe tulikubaliana kwamba watoto watajifunza bila kuingiza kitu chochote kinywani. Kwa wiki tatu, kila asubuhi baada ya kupandisha bendera, darasa langu lilisimama mistari minne na kupiga mswaki hewani.

"Mswaki, juu!" hedimasta akanguruma. Ngumi sitini na mbili zikapanda.

"Meno, toa!" Midomo ikafunuka.

"Kulia, moja, mbili! Kushoto, moja, mbili!"

Wanawake waliokuwa wakipita na mizigo ya kuni walisimama barabarani kutazama. Mmoja aliuliza kama watoto wanafukuza nyuki.

Msichana mmoja tu hakufunua midomo. Alikuwa na umri wa miaka sita hivi, mdogo wa mwili, mwenye macho yaliyokuona hata ukiwa umegeuka ubaoni. Mkono aliupandisha kama wenzake, akausogeza kulia na kushoto, lakini kinywa kilibaki kimefungwa kabisa. Nikisoma majina, yeye alijibu kwa kunyoosha kidole. Ningedhani ni bubu kama nisingemsikia uwanjani akiwapangia wenzake kazi zote za mchezo. Siku nilipomwinamia na kumwambia, "Fungua kinywa, mama, nione tu," alikiziba kwa mikono miwili na machozi yakamtoka.

Jumamosi nilienda kwao. Aliishi na bibi yake, ambaye yeye na jirani zake wote walimwita kukhu. Nilimkuta anapukuchua maharagwe uani, na mjukuu kajificha nyuma ya mgongo wake. Kukhu hakutaka kusikia habari yoyote kabla sijala. Alileta obusuma, ugali wa kwao, na mboga za mrenda, akaketi kunitazama ninavyokula, jambo ambalo halikunipendeza.

Nilipomweleza kwamba mtoto hafungui kinywa shuleni, hakushangaa.

"Ni hadithi yangu hiyo," akasema. Akafunua midomo. Meno mawili ya mbele ya chini hayakuwepo. Ndiyo yaliyong'olewa zamani, kwa desturi ya kwao. Yaliyobaki yote yalikuwa meupe na imara, mazuri kuliko ya mwalimu yeyote wa shule yetu. "Tulipokuwa wasichana, mzee alikujanga na chuma chake. Anakuambia, fungua kinywa, mwanangu, nione tu. Ukifungua, haonangi tu. Nilimsimulia huyu nikimchekesha. Halafu siku moja anarudi kutoka shule anasema, kukhu, kuna mgeni mkubwa anakuja kutazama meno yetu. Sasa wewe ungefungua?"

Nikiangalia jambo lile kwa macho ya mtoto wa miaka sita, yeye ndiye peke yake katika shule nzima aliyekuwa amefikiri.

"Na wewe, mwalimu," kukhu akaendelea, "mbona unatafuna upande mmoja kama ng'ombe mwenye kidonda? Fungua tuone."

Nilikuwa mgeni, nilikuwa nimekula chakula chake, na alikuwa mkubwa kuliko mama yangu. Nikafungua. Akainama. Mjukuu naye akatoka mafichoni, akasogea, akachungulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwarimu," akasema, na hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kwangu, "hiri rimeoza. Rinanuka."

"Usimwambie mwalimu hivyo," kukhu akamkemea. "Sema lina harufu."

"Rina harufu," akasema. Kisha akaniwekea sharti, kwa sauti ileile aliyoitumia uwanjani. "Ukiring'oa hiro, mimi nitafungua."

Nikaahidi, kama watu wakubwa wanavyowaahidi watoto, bila kutaja siku.

Wiki ya mwisho kamati ya mapokezi ilikutana. Wimbo ulipangwa, kuku alipangwa, kiti cha mgeni kilipigwa msasa. Mimi niliuliza swali moja tu.

"Watatema wapi?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, maana hewani hapatemwi.

"Kutema?" hedimasta akauliza.

"Dawa ya meno haimezwi, mwalimu mkuu. Wakishapiga mswaki, watatema povu."

"Watoto sitini wateme mbele ya mgeni wa serikali?" Alishika kifua. "Mwalimu, sisi sasa ni taifa huru!"

Tulijadili kutema mpaka chai ikapoa. Mmoja alisema wageuke nyuma, lakini kumgeuzia mgeni matako ni vibaya zaidi. Mwingine alisema wameze, nikakataa. Hatimaye hedimasta akaamua mwenyewe na kuandika kwenye ratiba kwa wino mwekundu: kwanza wimbo, pili kupiga mswaki, tatu hotuba ya mgeni, nne kutema. Kutema kutafanyika nyuma ya choo, kwa mistari miwili, bila kelele. Hotuba, alisema, itakuwa ya dakika tano.

Mgeni alitarajiwa saa nne asubuhi. Alifika saa nane mchana. Katika saa hizo nne watoto waliimba wimbo wa kumkaribisha mara sita, kila gari lilipopita, na mara moja walimwimbia mwenye lori la mchanga, ambaye alipunga mkono kwa furaha. Mgeni alipofika alikuwa mtu mnene, mwenye uso mwema na suti nzito. Alipelekwa kwanza ofisini kula ingokho, yule kuku aliyepangwa. Tulisubiri tena. Alitoka akichokoa meno kwa njiti ya kiberiti.

Basi hedimasta akafungua kabati. Miswaki sitini ikatoka kwa mara ya kwanza. Kwa bahati, mtoto mmoja alikuwa nyumbani na matubwitubwi, na yule msichana wangu alikuwa amekataa, kwa hiyo hesabu ilikaa sawa. Yeye nilimsimamisha mwisho wa mstari wa nyuma, mikono mitupu, asionekane. Nilipita na dawa ya meno nikiwawekea kidogokidogo, nikirudia kwa kila mmoja, "Usimeze. Ni tamu, lakini usimeze."

"Mswaki, juu!"

Lazima niseme ukweli, walipendeza. Miswaki myekundu ilikwenda pamoja kulia, pamoja kushoto, povu jeupe likavimba midomoni, na wazazi waliokuwa wamesimama kando ya ukuta wakapiga vigelegele. Mgeni alipiga makofi. Kisha akasimama kuhutubia.

Alianza na wakoloni. Alisema mkoloni alificha mswaki ili Mwafrika aoze meno na ashindwe kudai haki yake kwa sauti safi. Tukapiga makofi. Makofi yale yalimtia nguvu, akaingia barabara, kutoka barabara akaingia mahindi, kutoka mahindi akarudi kwa wakoloni aliokuwa amewaacha. Watoto walisimama wima, mashavu yamevimba, macho yamewatoka. Nilikuwa nimewaambia wasimeze, na hedimasta alikuwa amewaambia wasiteme. Hao walikuwa watoto watiifu kuliko wote niliowahi kufundisha, na siku hiyo nilitamani wangekuwa watukutu.

"Watoto, hamjambo?" mgeni akauliza ghafla, akiwageukia.

Kimya.

"Nimesema, hamjambo?"

Mashavu sitini yalimtazama. Jasho lilimtiririka hedimasta mpaka kwenye kola ya koti.

"Hawa watoto wana adabu sana," mgeni akawaambia wazazi. "Wanaona haya mbele ya wakubwa. Lakini msiogope. Nani ataniambia, kwa nini tunapiga mswaki?"

Nyuma kabisa mkono mdogo ulipanda. Ndiye peke yake aliyekuwa na nafasi ya kusema.

"Iri mgeni aje," akasema.

Watu walicheka. Mgeni naye alicheka, akainama kidogo ili amwone vizuri.

"Vizuri sana! Na mgeni akishaondoka?"

"Tunarudisha kwa kabati."

Hapo hakucheka mtu. Hedimasta alishikwa na kikohozi kirefu. Mgeni alifungua kinywa ajibu, na sijui angejibu nini, kwa sababu mvua ya Kakamega, ambayo mchana haingojei ratiba ya mtu, ilishuka wakati huohuo kutoka upande wa msitu, na mawe ya barafu ndani yake.

Wakubwa walikimbilia barazani. Watoto hawakukimbia. Waliinua nyuso juu, wakafungua vinywa, mvua ikawajaa, na wote sitini, bila amri ya mtu, wakasukutua na kutema. Walitema mbele, walitema kando, walitema kwa sauti, na wakafungua tena kuchota zaidi. Povu lilitiririka kama maziwa hadi lilipokuwa gari, likapita juu ya viatu vya mgeni aliyekuwa anajaribu kulifikia gari lake.

"Temeni kwa nidhamu!" hedimasta alipaza sauti kutoka barazani. "Mistari miwili! Miwili!"

Baada ya siku chache alitusomea ripoti aliyoipeleka mjini. Ilisema sherehe ilifana, watoto wote wamejifunza, na mvua ilitoa mchango mkubwa. Miswaki ilikusanywa, ikaoshwa, ikaanikwa juu ya bati, ikahesabiwa na kurudishwa kabatini kungoja mgeni mwingine.

Nilidhani jambo limeishia hapo. Jumatatu nilipofika darasani, yule msichana alikuwa amesimama karibu na meza yangu.

"Mwarimu, umering'oa?"

"Bado."

Jumanne aliuliza tena. Jumatano pia. Sasa kwa vile alikuwa ameanza kusema, hakuwa na haja ya kunyamaza tena, na aliniuliza mbele ya darasa zima, kwa heshima kabisa, kama anayeulizia hali ya mgonjwa. Alhamisi sikulala kwa maumivu. Ijumaa nikaomba ruhusa, nikampa mwenye baiskeli begi langu, nikapanda nyuma, nikaenda hospitali mjini.

Waliling'oa vizuri. Nililia kidogo hata hivyo, na tabibu akaniambia kwamba walimu ndio wanaolia kuliko wote. Nilimwomba gego. Alilifunga kwenye karatasi bila kuuliza ni la nini.

Jumatatu niliingia darasani shavu likiwa limevimba, nikaweka gego mezani juu ya ukurasa mweupe. Watoto walipita mmoja mmoja kulitazama. Sijawahi kupata ukimya kama ule katika somo lolote. Lilikuwa jeusi, na shimo lake lingetosha punje ya mtama. Halafu nikafungua kinywa nikawaonyesha mahali lilipokuwa.

"Nililitunza vibaya," nikawaambia. "Nilikuwa nawafundisha ninyi kitu ambacho mimi sikukifanya vizuri."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Walimu hatukuwa tunasema hivyo siku zile, na nilihofia ukutani kuna sikio la hedimasta. Lakini yule msichana alikuja mpaka mbele, akasimama, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akafungua kinywa chake.

Magego yake mawili ya nyuma yalikuwa yametoboka.

Kumbe haikuwa hadithi ya kukhu peke yake. Mtoto alikuwa ameumwa kwa miezi, akalala nayo, akacheza nayo, akakaa kimya, kwa sababu aliamini kwamba akisema, mtu mwenye chuma atakuja. Na sisi tulikuwa tumemsimamisha uwanjani kila asubuhi apige mswaki hewani.

"Yanauma?" nikamwuliza polepole.

Akatikisa kichwa kukubali.

Nilimweleza kwamba hayo ni meno ya utoto, siku moja yatatoka yenyewe na mengine yataota, na kwamba hayo mapya ndiyo ya kutunza. Jioni ile nilimpeleka kwao, na kesho yake mimi na kukhu tulimpeleka hospitali pamoja. Tabibu alimwangalia tu, kweli alimwangalia tu, akampa dawa ya kutuliza maumivu. Mtoto alitoka pale amenuna, kama mtu aliyejiandaa kwa vita na adui hakuja.

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza kukhu yeye anasafishia nini meno yake. Akacheka, akaniambia nimngoje shuleni.

Alikuja siku ya pili na mzigo wa vijiti vibichi vya mti uotao kando ya mto. Alikaa kwenye kiti changu, akamgawia kila mtoto kijiti kimoja, akawaonyesha kutafuna ncha mpaka ilainike iwe kama brashi, kisha kupitisha polepole, jino kwa jino, hata yale ya nyuma ambayo hayaonekani mtu akicheka. Hakutoa amri. Aliyemaliza haraka alimwambia tu, "Rudia, baba, kuna moja umelisahau linalia."

"Sasa tutemee wapi, kukhu?" mmoja akauliza, akinitazama mimi kwa woga.

"Popote," akasema. "Nje ni kukubwa."

Walitoka mbio wakatemea kwenye bustani ya shule. Hedimasta alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi yake. Nilijiandaa kuitwa. Hakuniita. Mchana alipita karibu na darasa langu, akakohoa, akaniuliza kama kuna kijiti kilichobaki. Nilimpa viwili.

Tangu siku ile kila mtoto alikuja na kijiti chake, na kila asubuhi tulipiga mswaki kinywani badala ya hewani. Wengine walisahau, wengine walijifanya, wengine walipigana kwa vijiti. Yule msichana aliwakagua wote, akiwafungulisha vinywa mmoja mmoja, na nadhani aliyafurahia madaraka kuliko usafi. Baada ya mwezi wenye mashamba ya karibu walikuja kulalamika kwamba vichaka vya mtoni vimebaki uchi na ng'ombe wanavuka kwenye mahindi. Hedimasta aliwaandikia barua akiwaomba radhi kwa niaba ya taifa.

Mwaka ulipoisha nikahamishiwa Matungu. Nilipoingia darasa langu jipya, watoto themanini waliinuka kunisalimu, na wote themanini walikuwa na kipande cha muwa mkononi. Mtoto wa mbele aliona ninavyoutazama wake, akadhani nimeutamani. Akauvunja kwenye goti, akanipa nusu ya chini, iliyo tamu zaidi.

Nilimshukuru, nikaketi, nikala.